Mwito wa Kilima cha Itogolo

Kaeni sawa. Mwenye kikohozi akikohoe sasa, maana hadithi hii haipendi kukatizwa na watu walio hai.

Ilikuwapo, na kwa mwenye macho ipo bado, Jamhuri ya Huenda. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Ramani zake zote wanazo wawekezaji. Ilikuwa nchi tajiri kupita majirani zake wote, ila utajiri wenyewe ulikuwa haujaonekana. Chini ya kila unyayo wa Mhuenda palikuwa na shaba. Chini ya shaba, dhahabu. Chini ya dhahabu, almasi. Hayo yalitangazwa redioni kila asubuhi baada ya wimbo wa taifa, na watu waliyasikiliza huku wakinywa uji usio na sukari.

Nchi nyingine huchimba madini zikauza madini. Huenda ilikuwa imekwisha kuivuka hatua hiyo ya kishamba. Yenyewe iliuza uwezekano. Mwekezaji alishuka kwenye ndege, akaonyeshwa kilima, akaambiwa, "Hapa huenda pana shaba." Akafurahi, akarudi kwao kumwambia mwenzake, naye akamwambia mwenzake, na kwa kila aliyeambiwa kilima kilipanda thamani bila mtu kukigusa kwa jembe. Waziri wa Uwezekano, Mheshimiwa Daktari Balozi Salvatory Nkwabi, alipenda kusema mikutanoni: "Ndugu wananchi! Shimo lililochimbwa lina mwisho. Shimo ambalo halijachimbwa halina mwisho!" Watu wakapiga makofi. Hospitali ya wilaya nayo ilikuwa na uwezekano wa dawa, na shule ilikuwa na uwezekano wa mwalimu.

Wizarani humo alikuwapo mtumishi mmoja aliyeitwa Elikana Mhoja. Cheo chake kilikuwa Mkaguzi wa Uwepo, na kazi yake ilitokana na haki za binadamu. Sheria ya Huenda ilikataza katakata kumpa mwekezaji ardhi yenye mkazi asiyekubali. Kwa hiyo kabla leseni ya utafiti haijatolewa, Mkaguzi alikwenda mahali penyewe, akasimama katikati, akauliza kwa sauti kama yuko asiyekubali. Wahuenda walikuwa wamefunzwa tangu wakiwa mgongoni kwamba anayeijibu serikali huulizwa swali la pili, na anayejibu la pili hupandishwa gari. Wakanyamaza. Kunyamaza ni kukubali, ndivyo sheria ilivyosema, na aliyekubali hahesabiwi kuwa yupo.

Katika kijiji kimoja Elikana aliwakuta watu wanasonga ugali. Wakamkaribisha, akala, akashiba, akanawishwa mikono na mwenye nyumba mwenyewe. Akarudi wizarani na taarifa ya maneno mawili: "Niliwakuta hawapo." Taarifa hiyo ilisifiwa kwa ufupi wake, ikafundishwa chuoni.

Msimchukie mapema. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mpole, msafi wa kola, mwenye kusali kabla ya kula, na alikuwa na mama.

*

Mama yake alikuwa Kashindye binti Lugata, mfinyanzi wa kijiji cha Itogolo. Mume alimwacha na mtoto mmoja na udongo, naye kwa udongo huohuo akamlea mtoto. Vyungu vyake vilimvusha Elikana darasa kwa darasa mpaka akavaa kola. Alipokuwa anakata roho alimshika mkono mwanawe, vidole vyake bado vina udongo wa mfinyanzi kwenye kucha, akamwambia, "Mwanangu, usinijengee saruji. Usiniletee maua ya plastiki. Wewe uitikie tu."

Maana Itogolo walikuwa na desturi yao. Kila mwaka, mavuno yakishaingia ghalani na mvua za kwanza hazijaanguka, kijiji kizima kilipanda kilimani penye makaburi. Mwita, ambaye siku zote ni mwanamke aliyekwisha kuzika, alisimama akaita majina ya marehemu mmoja mmoja, kuanzia wale wa kale ambao hakuna aliye hai aliyewaona. Kila jina likiitwa, mtu wa nyumba ile aliitikia kwa niaba yake: "Yupo!" Basi, ndiyo yote. Hapachinjwi, hapamwagwi kitu. Mchungaji wa kwanza alipofika Itogolo aliukuta huo Mwito, akausikiliza mpaka mwisho, akasema haoni kosa kwa watu kukumbushana kwamba Mungu hajapoteza mtu.

Lakini jina likikosa mwitikiaji, Mwita aliliita mara ya pili, na ya tatu, kisha akafumba mdomo, na halikuitwa tena maisha. Walisema limeanguka. Mwenye jina lililoanguka, walisema, huyo ndiye aliyekufa kweli.

Kashindye hakuwa na mwingine wa kumwitikia. Kwa hiyo kila mwaka majira hayo Mkaguzi wa Uwepo aliugua malaria, akaomba ruhusa, akapanda basi mpaka Itogolo. Wizarani walistaajabu malaria yenye kalenda. Yeye alisimama kilimani kati ya watu wa kwao, akasikia jina la mama yake, akaitikia, akarudi mjini amepona.

*

Sasa sikilizeni jinsi shaba ilivyopatikana.

Kampuni moja iliyoitwa Tumaini la Chini ilileta mashine ya kuchoronga miamba. Wataalamu wake walizunguka nchi nzima wakitafuta mahali penye udongo laini, kwa sababu mashine ilikuwa ya kukodi na hawakutaka kuichosha. Wakapapata Itogolo, juu ya kilima. Udongo ulikuwa laini ajabu, kama vile umewahi kuchimbwa na kurudishiwa. Wakachoronga tundu moja, wakalifunika kwa bomba la chuma lenye kifuniko, wakaondoka na walichokipata.

Waziri Nkwabi aliwaita wakuu wote ofisini kwake. Mezani palikuwa na kitambaa chekundu, na juu ya kitambaa vitu vitatu. Aliyekuja na kampuni alikuwa Mwekezaji. Jina hakuwa nalo. Katika Huenda mwekezaji hahitaji jina, wenyeji ndio huulizwa majina.

"Mnaona nini?" aliuliza Waziri.

"Maendeleo, Mheshimiwa," wakasema wakuu.

Mwekezaji alieleza kwa upole. Kitu cha kwanza kilikuwa shaba, tena shaba ya ajabu, iliyojisokota yenyewe kama kamba na kujikunja duara kwa nguvu za ardhi za mamilioni ya miaka. Kitu cha pili kilikuwa punje ya dhahabu yenye mizizi miwili. Cha tatu kilikuwa dalili ya almasi: kipande kidogo king'avu, chenye tundu katikati, tayari kwa kutungwa uzi.

Elikana alisimama nyuma ya wenzake. Mama zake wa Itogolo wote walizikwa na bangili za shaba za kusokotwa. Ile mezani ilikuwa bangili ya mkono mwembamba. Akanyoosha kidole, akaigusa. Ofisi ya Waziri ilikuwa na mashine ya baridi iliyofanya watu wavae makoti, na meza ilikuwa baridi, na kitambaa kilikuwa baridi. Bangili ilikuwa na joto, kama imevuliwa sasa hivi.

Walipotoka wengine, alibaki.

"Mheshimiwa," alisema, "kilima kile ni makaburi."

"Najua," alisema Waziri.

"Vitu hivi ni vya marehemu."

"Najua, Elikana. Unafikiri sijawahi kuona jino?" Waziri alicheka kwa wema, akamshika bega. "Ndiyo maana nimekuchagua wewe. Wakazi watulivu kama hao nitawapata wapi tena? Fanya mkutano wa hadhara. Waulize. Wakinyamaza, tumemaliza."

"Niwaulize wafu?"

"Sheria haisemi wakazi wawe hai. Sisi hatubagui mtu."

Elikana alitaka kusema kwamba mama yake yumo humo. Maneno yalifika kooni, yakakutana na mshahara, yakarudi. "Sawa, Mheshimiwa," alisema.

*

Alifika Itogolo mchana wa jua kali, ndani ya gari la serikali, na nyuma yake lori lenye mahema, viti vya plastiki, spika na mgambo. Bibi Nyanzobe, ambaye ndiye aliyekuwa Mwita, alikuwa anapepeta mtama uani kwake. Hakusimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani? Ni mtoto wa Kashindye, au ni gari?"

"Ni mimi, bibi. Elikana."

"Aa. Malaria yako imewahi mwaka huu." Akapepeta. "Mbona imekuja na mgambo?"

Majirani waliokuwa wamejisogeza kwenye ua wakacheka, na mmoja akasema, "Mwacheni bwana mkubwa, huenda amekuja kutukuta hatupo." Wakacheka zaidi, lakini kicheko hakikukaa.

Elikana akawaeleza. Kesho palikuwa na mkutano kilimani. Makaburi yangezungushiwa kamba. Ndani ya kamba wangekaa wakazi, yaani marehemu, pamoja na watumishi wa serikali walioapishwa. Wanakijiji wangesimama nje, kwa kuwa wao wanaishi bondeni na si wakazi wa kilima. Aliye nje ya kamba haruhusiwi kujibu. Atakayejibu atakuwa amejihesabu mkazi wa makaburini, na serikali itamsaidia kuhamia.

Hapo Elikana aliona aibu, akaongeza haraka, "Lakini Mheshimiwa anaheshimu utamaduni. Amesema Mwito uwepo. Bibi utapewa kipaza sauti, utaita majina, baada ya ngoma na kabla ya soda."

Bibi Nyanzobe aliweka ungo chini. "Wewe utakuwa ndani ya kamba?"

"Ndiyo, bibi."

"Umeapishwa?"

"Nimeapishwa."

"Basi kumbe Mungu si Athumani," alisema bibi. "Nikiita, uitikie. Sisi midomo yetu imefungiwa nje, wako uko ndani. Niitikie jina la kwanza mpaka la mwisho."

"Yote, bibi? Mimi wangu ni mmoja tu."

"Kila aliyelala pale ni mama wa mtu, au alimlilia mama yake. Ukimwitikia mmoja, wakubwa wako wameona upendo. Ukiwaitikia wote wameona kwamba watu wapo, na hiyo sheria yenu itakosa pa kukanyaga." Akamtazama usoni kwa muda. "Utaitikia?"

Elikana aliitikia kwa kichwa. Watu wote walikiona kichwa.

Kabla jua halijashuka alipanda kilimani kutazama mahema. Upepo ulikuwa umetulia, hata majani makavu hayakujigusa. Alipokaribia lile bomba la kampuni alisikia linapumua. Likavuta pumzi ndefu, likatulia, likaitoa, kama mgonjwa aliyegeuzwa kuelekea ukutani. Elikana akajiambia kwamba ni hewa ya ardhini, jambo la kisayansi. Akainama kukaza kifuniko. Chini kabisa, mbali, akasikia sauti aliyoilalia na kuiamkia utoto wake wote: kiganja chenye maji kikipigapiga udongo, pa, pa, pa, kikizungusha chungu.

Akasimama wima. Sauti nayo ikasimama, kama mtu anayesikiliza nani amekuja.

"Ni mimi," alinong'ona Elikana. Kisha akatazama huku na huku kama kuna mgambo aliyemsikia.

*

Mkutano ulifana. Ngoma ilipigwa. Wimbo wa taifa uliimbwa, na marehemu waliombwa wasimame kwa wale wanaoweza. Waziri Nkwabi alikaa kwenye kiti chenye kitambaa, Mwekezaji kushoto kwake, Elikana kulia, amesimama. Nje ya kamba kijiji kizima, na mbele ya kijiji mgambo.

"Ndugu wakazi wa kilima!" alianza Waziri, akigeukia makaburi. "Serikali yenu inawajali. Najua wapo wachochezi wanaosema serikali huwakumbuka watu wakiwa hai tu. Leo wameumbuka! Nyinyi mmelala juu ya shaba. Mmelala juu ya dhahabu. Miaka mingapi mmelala? Je, huu ni wakati wa kulala?"

Akanyamaza apate makofi. Palepale, kwenye ukimya ule, viti vya plastiki vya wakubwa vikazama kidogo kwenye udongo, vyote kwa pamoja, kama mtu aliye chini amejigeuza ubavu. Msaidizi alikimbia kuweka ubao chini ya kiti cha Waziri.

Bibi Nyanzobe alipewa kipaza sauti juu ya kamba. Alikishika kama anavyoshika mwiko, akaita.

"Ndaki mwana wa Shija."

Huyo alikuwa mzee wa kale sana, mwanzilishi wa kijiji. Elikana alifungua mdomo. Waziri akamtazama, si kwa ukali, ila kwa namna ile mtu anavyomtazama mbwa wake mbele ya wageni. Mdomo ukajifunga.

Bibi akaita mara ya pili. Mara ya tatu. Spika zikatupa jina mpaka bondeni. Nje ya kamba mzee mmoja wa ukoo wa Ndaki alifungua mdomo, na mkewe akauziba kwa kitenge.

"Mkazi wa kwanza amekubali," alisema Waziri.

"Sungwa binti Mabula."

Elikana alijiambia: la kwanza limepita, nitaanza na hili. Halafu akajiambia: nitaanza na lijalo. Kila jina alilijua. Sungwa alimpa maziwa alipokuwa na surua. Nyuma yake likaja jina la mwalimu wake wa darasa la kwanza. Likaja la mtoto mchanga ambaye hakuwahi kupewa jina akaitwa Mgeni wa Lubinza, na mama yake alikuwa pale nje ya kamba, amekamata kamba kwa mikono miwili. Kila baada ya ukimya kilisikika kitu chini, si kelele, ila kama mtu anayekaa kitako polepole kusikiliza vizuri. Mwekezaji aliuliza kama ni tetemeko. Aliambiwa ni uwezekano.

Bibi Nyanzobe hakuongeza sauti wala hakupunguza. Kila alipoita alimtazama Elikana, akangoja, akaendelea.

"Kashindye binti Lugata."

"YUPO!"

Sauti ilimtoka Elikana kabla hajaijua. Ilishinda spika. Ndege waliruka kwenye vichaka. Mgambo walishika virungu, na Waziri akageuka taratibu.

"Nani amesema?"

"Mimi, Mheshimiwa. Ni mama yangu."

"Yupo?"

"Yupo."

"Vizuri sana," alisema Waziri kwa furaha, kwa maana alikuwa mtu wa sheria. "Kama yupo, atuambie anakubali."

"Hakubali, Mheshimiwa." Elikana aliinua mkono wa kuume. "Nasema kwa kiapo."

Nje ya kamba watu walisogea mbele. Mama wa yule mchanga aliinua uso. Walikuwa wameona mlango umefunguka, na aliyeushika ni mtoto wao.

Waziri alinong'onezana na Mwekezaji. Mwekezaji akatabasamu, akanyoosha vidole kuonyesha kipimo kidogo tu. Waziri akamrudia Elikana, sauti tamu kama ya mganga wa meno.

"Serikali si jiwe. Mama ni mama. Kaburi lake halitaguswa, nakuapia mbele ya wote. Je, wengine? Kwa kiapo chako hichohicho, Mkaguzi. Wapo?"

Elikana alitazama kaburi la mama yake, kichuguu kidogo kisicho na saruji. Alikuwa amepata alichokijia. Aliona kwamba akifungua mdomo tena huenda akapoteza na hicho. Hakuthubutu kutazama kwenye kamba.

"Wengine," alisema, "niliwakuta hawapo."

Bibi Nyanzobe hakukatiza. Aliendelea kuita majina yaliyosalia, moja moja, mara tatu tatu, kwenye ukimya, mpaka la mwisho. Kisha akainama, akalaza kipaza sauti chini juu ya udongo, kama mtu anayelaza mtoto, na kwa kitambo spika zilitoa pumzi ya watu wengi, mpaka msaidizi alipokimbia kuzima umeme. Soda zikagawiwa.

*

Leseni ilitoka ikiwa na maneno haya: Kilima cha Itogolo, chote, kasoro kaburi moja. Kule kwa wawekezaji lile kaburi liliwapendeza mno. Walisema sasa huu ni mradi wenye utu. Elikana alivishwa Nishani ya Uwepo.

Mashine zikaja, za kuchimba kweli safari hii, kwa kuwa uwezekano ulikuwa umependeza kupita kiasi na watu wakataka kuuona. Marehemu wakabebwa kwa lori kwenda eneo lenye uwezekano wa makaburi, na mpaka leo hakuna anayejua lori lilishushia wapi. Kilima kikaliwa kuanzia kando. Sheria ni sheria: hawakugusa kaburi la Kashindye, wala udongo uliolibeba. Walichimba kulizunguka, wakashuka, wakashuka, mpaka kilima kikawa shimo, na katikati ya shimo ikabaki nguzo ya udongo mwekundu, nyembamba, ndefu kama mnara wa kanisa, na juu yake kaburi moja lenye majani. Hapakuwa na njia ya kulifikia. Elikana alikwenda kutazama siku za Jumapili. Alisimama ukingoni na kofia mkononi, na mama yake upande wa pili, karibu kiasi cha kumwona panzi anayetua pale, na mbali kiasi kwamba hata ngazi isingefika.

Zilipatikana bangili. Zilipatikana shanga. Hakikupatikana kingine. "Shaba hatujaipata," alitangaza Waziri Nkwabi redioni, "kwa hiyo bado ipo!" Tumaini la Chini wakakiuza kilima, ambacho sasa kilikuwa shimo, kwa kampuni nyingine, kama mali yenye uwezekano wa kina zaidi.

Na Elikana? Elikana hakuona kitu. Nataka mwelewe: hakuna mzuka uliomtokea, hakuna aliyemkaba kitandani. Ila mikutanoni, kila wakubwa walipouliza "Hakuna asiyekubali?" na watu wakanyamaza, yeye alisikia nyuma ya kiti chake mtu anasafisha koo, kama aliyejiandaa kusema na kungoja zamu. Akigeuka, ukuta. Na nyumbani, alipofumba macho kuombea chakula, mezani akiwa yeye na mkewe tu, "Amina" ilitoka kwa watu wengi. Haikuwa ya hasira. Ilikuwa Amina ya wageni wenye adabu walioketi kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba hajawakaribisha chakula. Mkewe aliuliza mbona anapakua sahani nyingi hivyo.

*

Mavuno yakaingia. Elikana akaugua malaria.

Alipanda basi, hakuchukua gari. Aliwakuta watu wa Itogolo wanapanda, akajiunga nyuma yao, na hakuna aliyemsukuma wala aliyemsogezea nafasi. Walipofika ukingoni mwa shimo walisimama kama walivyosimama siku zote kando ya makaburi. Mbele yao ilikuwa hewa tupu na ile nguzo.

Bibi Nyanzobe aliita, bila kipaza sauti.

"Ndaki mwana wa Shija!"

"Yupo!" wakaitikia watu wa Ndaki juu ya shimo.

"Sungwa binti Mabula!"

"Yupo!"

Elikana alishangaa. Makaburi hayapo, mifupa haijulikani ilipo, tena majina yale yalikwisha kuitwa mara tatu yakakosa mtu. Kwa desturi yalikuwa yameanguka. Lakini Bibi aliyaokota yote. Na jina lililokosa ndugu liliitikiwa na yeyote aliyekuwa karibu, na mara nyingine na watu wote pamoja. Mgeni wa Lubinza alipoitwa, mama yake hakuweza kutoa sauti, na kijiji kizima kikamtolea, mpaka kingo za shimo zikaporomosha mchanga. Shimo lilijaa sauti. Ungeapa kwamba hapakuwahi kuchimbwa kitu.

Elikana alivua kofia. Alijua mpangilio, jina la mama yake hufuata la Ng'washi binti Kulwa. Akavuta pumzi.

"Ng'washi binti Kulwa!"

"Yupo!"

"Lukelesha mwana wa Ngusa!"

"Yupo!"

Alidhani hakusikia vizuri. Akangoja. Majina yakaendelea, yakafika kwa waliozikwa karibuni, yakaisha. Watu wakaanza kushuka. Akajipenyeza mpaka mbele.

"Bibi. Umemruka mama."

"Sijamruka mtu."

"Kashindye binti Lugata. Hukumwita."

Bibi Nyanzobe alimtazama bila chuki, na hilo ndilo lililomtisha. "Yule ana leseni, baba. Serikali imekwisha kuandika kwamba yupo. Sisi tunawaita waliokutwa hawapo."

"Mwite, bibi. Nakuomba. Mwite mara moja tu, mimi niitikie."

"Ulishaitikia," alisema Bibi. "Tulisikia wote."

Akajifunga kitenge vizuri, akashika fimbo yake, akateremka na wenzake. Sauti zao zilisikika bondeni wakiulizana habari za mtama, kisha hazikusikika.

Elikana alibaki ukingoni. Jua lilikuwa bado liko juu, na kaburi la mama yake lilionekana vizuri, majani yake yametulia. Alingoja mtu wa kuita. Akajaribu kuita mwenyewe, lakini kwa Itogolo anayeita haitikii na anayeitikia haiti, na alijua hivyo tangu mtoto. Mwishowe akaweka viganja kinywani, akapiga kelele kwa nguvu zake zote, bila kuulizwa na mtu:

"Yupo!"

Shimo likalichukua neno, likashuka nalo. Kule chini likapita kutoka mdomo hadi mdomo, kwa minong'ono, kama watu wa msibani wanavyoulizana mtu asiyejulikana anapodakia maombi. Wakaulizana kwa adabu, na kila mmoja akamjibu mwenzake kwamba hajui.

"Nani?"

"Sijui. Hakuna aliyeitwa."